Flashi Inaingia, Inawaka, Lakini Je, Ni ya Kamera Yako?

Kabla hujamtajia muuzaji pesa ulizo nazo mfukoni, itazame kwanza ile reli ya chuma iliyo juu ya kamera yako, pale mguu wa flashi unapoteleza kuingia. Ndani yake mna pini za chuma, na hizo ndizo zinazoamua flashi ipi itaelewana na kamera. Upana wa reli ni wa kipimo kimoja kwa karibu kampuni zote, ndiyo maana flashi ya Nikon inaingia kwenye Canon bila kulazimishwa. Hapo ndipo wengi wanapokosea: imeingia, imewaka mara mbili dukani, pesa imetoka.

Pini kubwa ya katikati kazi yake ni kuwasha tu. Shata (mapazia yanayofunguka ili mwanga uingie kamerani) ikishafunguka yote, kamera inaunganisha pini hiyo na reli ya pembeni, mzunguko wa umeme unakamilika na flashi inawaka. Hakuna taarifa nyingine inayopita hapo. Flashi haijui ISO yako (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), haijui tundu la lenzi umeliweka f/4 au f/11, haijui mtu wako kasimama wapi. Itatoa nguvu ile uliyoipanga kwa mkono wako, iwe 1/1, yaani nguvu yote, au 1/64.

Pini ndogo zinazoizunguka ndizo za mazungumzo. Canon kwa kawaida ina nne, Nikon ina tatu, na hazikai mahali pamoja. Kupitia hizo kamera inaiambia flashi itoe mwanga kidogo wa majaribio, inapima mwanga uliorudi kupitia lenzi, kisha inaamuru nguvu kamili ya picha. Huo ndio utaratibu unaoitwa TTL, na kila kampuni ina lugha yake. Canon wanatumia E-TTL tangu 1995 na E-TTL II tangu 2004. Nikon wana i-TTL tangu 2003. Pentax wana P-TTL, Fujifilm na Sony wana zao. Olympus na Panasonic ndio wanaoshirikiana, kwa hiyo flashi moja inaweza kuzungumza na kamera za pande zote mbili. Nje ya hapo usitegemee undugu.

Basi flashi ya TTL ya Nikon ukiiweka juu ya Canon, kwa kawaida itawaka kwa pini ya katikati na utaitumia kwa modi ya M tu, yaani nguvu unaipanga mwenyewe. Wakati mwingine pini ndogo zinagusana pasipotakiwa na kamera inaanza vituko. Kipande cha selotepu juu ya zile ndogo, ukiacha ya katikati wazi, kinamaliza ugomvi.

Herufi ya mwisho kwenye jina

Flashi nyingi mpya zinazouzwa kwetu ni za Godox au Yongnuo, na kwa Godox kosa la kawaida ni la herufi moja. TT685 si flashi moja, ni familia. C ni ya Canon, N ya Nikon, S ya Sony, F ya Fujifilm, O ya Olympus na Panasonic, P ya Pentax. Kwa nje zinafanana mno. Tofauti ziko kwenye mguu na kwenye programu ya ndani, na huwezi kugeuza N kuwa C kwa kusasisha programu. Soma herufi kwenye mwili wa flashi yenyewe. Boksi hubadilishana dukani kuliko watu wanavyodhani.

TT600 ni habari nyingine. Ina pini moja tu ya katikati, haina TTL, na inauzwa kwa watu wa kamera zote. Sony wana TT600S yao. Kundi hili la pini moja lina pia Yongnuo YN560 III na YN560 IV. Ni flashi nzuri, za bei nafuu, ngumu, na anayefundisha mwanga kwa umakini atakuambia uanze na hizi. Lakini zinadai jambo moja: kamera iwe na pini ya katikati.

Si kamera zote zinayo. Kuanzia 2018 Canon waliiondoa pini hiyo kwenye baadhi ya kamera zao za ngazi ya chini. EOS 4000D, EOS 2000D na EOS 250D ya 2019 zimo humo, na hizo ni kamera ambazo wanafunzi na wapiga picha wanaoanza wanazinunua sana. Ukichungulia kwenye reli utaona zile ndogo nne, na pale katikati pamelala plastiki tupu. TT600 na YN560 haziwaki kabisa juu ya kamera hizo, wala triga (vifaa vya kuwashia flashi iliyo mbali) za zamani za pini moja. Hazijaharibika, ila hakuna kinachoziambia ziwake.

Mwenye kamera ya namna hiyo ana njia tatu. Ya kwanza, na ndiyo ningemshauri, ni kununua flashi inayozungumza E-TTL ya Canon: Speedlite, yaani flashi ya Canon yenyewe, au Godox yenye C mwishoni. Kwa Godox za zamani hakikisha programu ya ndani imesasishwa, kwa sababu kampuni ilitoa masasisho mahususi kwa kamera hizi. Utahitaji waya wa USB na kompyuta. Ya pili ni kuweka triga ya TTL, kwa mfano X2T-C iliyosasishwa, juu ya kamera, kisha TT600 ikakaa pembeni kwenye stendi ikipokea kwa redio. Ya tatu haihitaji kununua kitu: fungua flashi ndogo ya kamera yenyewe, weka TT600 kwenye modi ya S2, nayo itawaka kwa kuona mwanga. Lazima iwe S2, si S1. Flashi ya kamera inatoa mwanga wa majaribio kwanza, na S1 itawaka kwa huo, kabla picha haijapigwa. Utauona mwanga kwa macho na picha itatoka giza. S2 inauruka wa kwanza na kusubiri wa pili. Ndani ya nyumba njia hii inafanya kazi vizuri. Juani kihisio hakioni kitu.

Sony, na Canon mpya

Sony walibadilisha reli yao mwaka 2012. Kabla ya hapo walitumia reli ya kujifunga iliyorithiwa kutoka Minolta, ambayo flashi ya kawaida haiingii kabisa. Ukikuta A700 au A77 ya kwanza ya mtumba, ujue iko upande huo. Mpya, inayopatikana kwenye a6000, familia ya A7 na nyinginezo, inapokea flashi ya pini moja ya kawaida, na pia ina safu ya pini ndogo sana iliyofichwa mbele. Kuna adapta za kuvuka: ADP-MAA inaweka flashi ya zamani kwenye kamera mpya, ADP-AMA inafanya kinyume chake. Zile pini za mbele ni laini. Ingiza flashi ikiwa imenyooka, isukume hadi mwisho, kisha ndiyo ufunge. Ikikatakata TTL, mara nyingi mguu haujafika mwisho au pini zina vumbi.

Tahadhari nyingine kwa wanaopenda kamera za video: ZV-E10 II haina shata ya mitambo, na haitumii flashi hata kama reli ipo na flashi inaingia. Watu wanaingia mkenge kwa sababu ZV-E10 ya kwanza inatumia flashi bila shida.

Canon nao, kuanzia EOS R3 ya 2021, walileta reli yenye safu ya pini ndogo mbele. Kwenye nyingi kati ya hizi, kama R6 Mark II na R7, pini za zamani zimebaki, kwa hiyo Speedlite ya zamani inaingia na kufanya kazi. R50 ni tofauti: za zamani hazipo, na bila adapta AD-E1 hakuna Speedlite ya kawaida itakayowaka. Upande wa pili, flashi ya EL-5 imetengenezwa kwa reli mpya tu. Usiinunue kwa ajili ya kamera ya reli ya zamani kama 80D.

Flashi ya zamani kutoka kabatini

Flashi za enzi ya filamu zinagawanyika mara mbili: zisizoelewana na kamera, na zinazoweza kuiua.

Za kundi la kwanza ni kama Canon 430EZ. Inazungumza TTL ya filamu, lugha ambayo EOS za dijitali haziijui. Itafanya kazi kwa M tu. 550EX na 420EX tayari ni za E-TTL na zinakubalika, ila 420EX haina modi ya M, hivyo haifai kwa studio. Kwa Nikon, SB-28 na SB-80DX hazina i-TTL, lakini zina modi ya A: flashi inapima mwanga kwa jicho lake yenyewe na kujizima ikitosha. Unaipa ISO na f ile ile iliyo kwenye kamera, basi. Ni modi iliyosahaulika, na kwa sherehe inafanya kazi kuliko watu wanavyofikiri.

Kundi la pili ni flashi ambazo umeme wa kuwashia ni mkubwa. Vivitar 283 za mwanzoni zinaweza kupitisha zaidi ya volti 200 kwenye pini ya katikati. Za baadaye, zenye jina hilo hilo, ni kama volti 10. Kwa nje huwezi kuzitofautisha kwa uhakika. Nikon wanaruhusu hadi volti 250 kwenye reli zao, lakini Canon za awali zilitakiwa zisizidi 6, na kamera nyingi ndogo hazitaji kiwango popote. Chini ya volti 6 huna haja ya kuwaza.

Kupima ni kazi ya dakika mbili ukiwa na multimita ya fundi. Weka betri mpya, washa flashi, subiri taa ya kuonyesha imejaa iwake. Multimita iwe kwenye volti za DC, anzia kipimo cha 500 au 1000. Waya mwekundu kwenye pini ya katikati ya mguu, mweusi kwenye bati la pembeni ambalo linagusa reli. Angalia usiziunganishe hizo mbili kwa ncha ya waya, itawaka usoni mwako. Ikisoma 180, mpe anayekusanya vitu vya kale, au itumie mbali na kamera ukiwa na kipokezi chenye uwezo wa kubeba volti hizo. Na usiifungue kuitengeneza: kapasita ya ndani inabeba zaidi ya volti 300 hata betri zikiwa zimetolewa.

Shata, na ule mstari mweusi

Shata ya kamera hizi ina mapazia mawili. Kuna kasi ambayo ukiipita, pazia la pili linaanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufungua, na flashi ikiwaka inakuta sehemu ya picha imezibwa. Ndipo unapata mstari mweusi chini au juu. Kwa EOS 2000D na Nikon D3500 kikomo ni 1/200. D850 na Sony A7 III ni 1/250. Canon 6D ni 1/180. Ukitumia triga za redio za bei ya chini, shuka kidogo zaidi, 1/160, maana nazo zinachelewa.

Juani saa saba mchana, ukitaka f/2.8, 1/200 haitoshi. Hapo inahitajika HSS (flashi kwa kasi kubwa ya shata), ambayo flashi inatoa mapigo madogo mengi mfululizo muda wote mapazia yanapopita. Kwa HSS ni lazima kamera na flashi zote mbili ziwe nayo. Hili linawaumiza wenye Nikon: D3500 na D5600 hazina HSS, na hakuna flashi duniani itakayoziletea, unaanza kuipata D7000 na kupanda. Canon wana roho nzuri kidogo upande huu. TT600 nayo ina HSS ikiwa mbali na kamera tu, ikipokea kwa triga ya redio. Ukiipachika juu ya kamera hakuna. Kumbuka pia HSS inakula nguvu, stopu mbili au zaidi (kila stopu inapunguza mwanga kwa nusu), kwa hiyo flashi ndogo juani itafaa kwa uso ulio mita mbili, si kwa kundi la watu ishirini.

Nguvu: namba kubwa kwenye boksi

Namba 58 au 60 unayosomewa ni namba ya mwongozo kwa mita, kwa ISO 100. Gawanya kwa umbali unapata f: yenye 36, mtu akiwa mita 9, ni f/4. Ujanja uko kwenye zumu. Kichwa cha flashi kikivutwa kufuata lenzi ya milimita 105 au 200 kinabana mwanga na namba inapaa. Canon 580EX II inaitwa 58 kwa sababu imepimwa kwenye 105. Kwenye 35 inashuka hadi 36. Nikon SB-910 inatangazwa 34, lakini imepimwa kwenye 35. Kwa macho ya mnunuzi moja inaipita nyingine mbali, na kwa kazi zinalingana. Uliza namba ya 35 siku zote.

Kwa anayepiga harusi na kipaimara, chukua yenye 30 au zaidi kwenye 35. Sababu ni dari. Ukielekeza kichwa juu ili mwanga ushuke laini, unapoteza stopu mbili au zaidi njiani. Ukipandisha ISO kutoka 100 hadi 400 unarudisha stopu mbili, maana namba ya mwongozo inakuwa mara mbili. Dari la bati, dari la juu sana la kanisa, au ukumbi ambao mpambaji ameufunika vitambaa vya zambarau, havirudishi mwanga unaoutaka; zambarau itashuka hadi kwenye shela ya bibi harusi na kwenye ngozi, na hakuna mpangilio wa rangi utakaoiondoa yote. Geuza kichwa kwenye ukuta mweupe wa karibu, au tumia kadi nyeupe.

Flashi ndogo kama TT350 zinakaa vizuri juu ya kamera nyepesi, lakini zina betri mbili tu na zinachelewa kujaa. Kwa safari, sawa. Kwa keki, maakuli na zawadi za ukumbini, hapana.

TTL au M? Kama watu wanatembea na umbali unabadilika kila sekunde, lipia TTL. Kama unapiga pasipoti, bidhaa, picha za studio, M inatosha, na tofauti ya bei nunua stendi na mwavuli. Ambacho sikipendekezi ni kununua TTL ya herufi isiyo yako kwa sababu ilikuwa ya bei rahisi.

Ukifikiria kuongeza flashi ya pili baadaye, chagua mfumo wa redio leo. Godox na Yongnuo hazisikilizani kwa redio, na hata ndani ya Yongnuo yenyewe YN560 na triga za YN-622 ni njia tofauti. Godox wana faraja moja: flashi yao ya C ikiwa mbali na kamera inapokea TTL kutoka triga ya N. Mwenye Canon akihamia Nikon anabadilisha triga tu, flashi za stendi zinabaki.

Betri: AA nne za kuchaji za NiMH, mAh 1900 hadi 2500, zote za umri mmoja. Kwamba zimeandikwa volti 1.2 badala ya 1.5 haidhuru, zinatoa mkondo mkubwa kuliko za kawaida, na flashi inajaa haraka. Betri za bei ya mwisho, zile za kuwekea redio ya kusikiliza, zitaiwasha flashi na kuishia hapo. V860II na V860III zina betri za lithiamu, lakini za moja haziingii kwenye nyingine, kwa hiyo ukinunua ya mtumba ya V860II uliza kama betri mpya inapatikana. Kwa Godox, baada ya mapigo 30 mfululizo ya 1/1 ipumzishe dakika kumi. Plastiki ya mbele iliyoungua rangi ya kahawia ni alama ya flashi ambayo haikupumzishwa.

Dukani, nenda na kamera yako mwenyewe na betri zako zilizojaa. Weka kamera kwenye M, ISO 400, f/5.6, 1/125, na uondoe hali ya kimya, maana shata ya kielektroniki huizima flashi kwenye kamera nyingi. Kwa Canon za kioo (DSLR), kama flashi si ya Canon na unapigia kwenye skrini, zima pia upigaji wa kimya wa skrini au chungulia kwenye jicho la kamera. Kwa zisizo na kioo, skrini ikiwa nyeusi ukiweka f ndogo usidhani flashi ni mbovu. Zima uigaji wa mwanga (skrini kuonyesha picha itakavyotoka bila flashi) kwenye menyu.

Piga ukuta kwa TTL. Kisha funga lenzi hadi f/11 upige tena. Mwanga wa picha mbili ukikaribiana, zinazungumza. Ya pili ikiwa giza totoro, flashi inatoa nguvu ile ile na unachonunua ni cha M, hata kama boksi linasema vingine. Au nguvu yake imefika mwisho, basi sogea karibu na ukuta urudie. Badilisha zumu ya lenzi kutoka 18 hadi 55 usikilize kichwa cha flashi: ikiwa kwenye zumu ya otomatiki, mota inalia kwa ndani na namba inabadilika kwenye skrini yake. Piga kumi za 1/1, hesabu sekunde za kujaa kati ya moja na nyingine. Mwisho fungua mlango wa betri utazame springi. Unga wa kijani au mweupe ni betri iliyovuja. Kama umeishia kwenye springi, siki kidogo kwenye pamba inausafisha, lakini kama umeingia chini ya bati, iache mezani kwa muuzaji.